Kitabu cha 1926 kimetugombanisha watu wazima sita: The Murder of Roger Ackroyd

Mbukwenyi wapendwa. Naandika hii nikiwa bado na kahasira kidogo maana Jumamosi tumeachana saa tatu usiku hatuagani vizuri, watu wazima na akili zetu, sababu kitabu. Kinaitwa The Murder of Roger Ackroyd, kaandika Agatha Christie, yule bibi wa Uingereza wa hadithi za upelelezi. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandika turubai chini, alitaka elfu saba nikalia naye mpaka elfu nne. Kava limechakaa, mgongo umekauka halafu hili jua letu la Dodoma likamalizia kazi, yaani ukikifungua kinalia kama unavunja kuni. Gundi nayo ikaachia, kurasa za katikati zikaanza kutoka mojamoja, hilo nitalirudia maana lilileta kesi.

Sisi ni kikundi tu, hatuna jina wala katiba wala mweka hazina. Tunakutana kwa mama mmoja hapa Chang'ombe chini ya mwarobaini wake, chai ya tangawizi, karanga, ubuyu. Kopi ni moja inazunguka, kila mtu siku kumi, ukizidisha unaleta kilo ya sukari. Kuna mwalimu wa sekondari, mwanasheria anafanya kazi Mtumba kwenye Mji wa Serikali, dogo mmoja yuko chuo kikuu pale UDOM, mzee mstaafu wa reli, mama mwenyewe mwenye nyumba ambaye ana duka la vitenge Majengo, na mimi. Sharti ni moja, aliyemaliza anafunga mdomo mpaka wa mwisho amalize. Mzee alimaliza wa kwanza akakaa na siri siku hamsini bila kutikisika, tukimuuliza anachambua karanga tu. Tangu hapo mi huyu mzee namheshimu kwa namna nyingine kabisa.

Kwa ambao hamjasoma, ngoja niwape mwanzo tu. Kijiji kinaitwa King's Abbot, huko Uingereza. Asubuhi moja mjane tajiri, Mrs Ferrars, anakutwa amekufa, kazidisha dawa ya usingizi iitwayo veronal. Anayetusimulia ni daktari wa kijiji, Dr Sheppard, mtu mpole, hajaoa, anaishi na dada yake mkubwa Caroline. Kuna tajiri mwingine, Roger Ackroyd, alikuwa amuoe huyo mjane. Anamwita daktari kwake jioni wale chakula, halafu wakiwa wawili chumbani anamtobolea kwamba mjane alikiri kumwekea mume wake sumu, na kuna mtu alijua akawa anamkamua hela mwaka mzima. Hapohapo inaletwa barua ya marehemu yenye jina la huyo mkamuaji. Ackroyd anaanza kuisoma, anasita, anasema ataimalizia akiwa peke yake. Usiku huohuo anakutwa kwenye kiti chake kachomwa kisu shingoni, tena kisu cha maonyesho cha humohumo ndani kwake, na barua haipo. Mtoto wake wa kambo, Ralph Paton, kijana mtanashati wa madeni, kapotea. Basi kazi inaanza.

Nikianza na nilichokipenda, ni Caroline. Jamani Caroline! Huyu dada hatoki nje ya geti na anajua kila kitu, anapata habari kwa muuza maziwa, kwa wasichana wa kazi, kwa mtu yeyote anayepita. Daktari anarudi kutoka kwa marehemu asubuhi, hajavua hata koti vizuri, Caroline anaita toka chumba cha kulia na tayari anajua nani kafa na kafaje. Daktari anamfananisha na nguchiro, yule mnyama wa kupenyapenya kila tundu. Mama wa Chang'ombe aliposoma hapo akacheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema huyu namjua, yuko mtaa wa pili hapo, na mi nikawaza moyoni kwamba hata mwenyewe haendi mbali sana na hapo ila sikusema kwa sababu nilikuwa nakunywa chai yake. Sisi hapa tukisema ubuyu tunamaanisha vitu viwili, unga wa mbuyu na maneno ya watu, na Caroline angekuwa Dodoma angeuza vyote viwili kwa jumla.

Kipande kingine ni jinsi mpelelezi anavyoingia. Hercule Poirot, kamzee ka Kibelgiji kenye masharubu ya kutisha, kastaafu kamehamia kijijini kulima mung'unye, na hakuna anayemjua. Daktari yuko bustanini kwake anapalilia zake, mara mung'unye unapita juu ya ukuta vuuu unatua karibu na miguu yake. Jirani kachoka na kilimo kautupa kwa hasira! Halafu anachungulia ukutani anaomba radhi kwa adabu zote. Kila mtu kwenye kikundi alitaja hii sehemu. Mwalimu alisema huo ndio ukweli mtupu wa kustaafu, watu wanakudanganya eti utalima, na mzee wa reli, ambaye ana nusu eka ya zabibu huko Mpunguzi, akatingisha kichwa tu hakujibu.

Tusichokipenda, mnivumilie, ni katikati. Kuna sehemu kama ya kurasa mia hivi ambapo kila mtu wa ile nyumba anaitwa anahojiwa na kila mmoja ana kakitu anakaficha. Mhudumu wa meza huyu, katibu yule, meja mwindaji mkimya, mtunza nyumba, msichana wa kazi, shemeji mjane na binti yake. Mi nilichora kwenye karatasi nani ni nani na bado nikachanganya. Mwanasheria anasema hapo ndipo patamu, eti ni kama kusoma faili la kesi. Haya. Halafu kuna sura nzima wanacheza mahjong, ule mchezo wa Kichina wa vigae, na maneno yake ya ajabuajabu, hatukuelewa hata mmoja wetu nani anashinda. Ila mama aliitetea hiyo sura kwa nguvu. Anasema we usiangalie vigae, sikiliza midomo. Watu wanne wamekaa wanacheza na umbea unapita katikati ya vigae, kila anayetupa kigae anatupa na neno, ni bao tupu hilo la pale kijiweni. Nilirudi kuisoma nikamkubali nusu.

Kesi ya karatasi sasa. Kitabu kilipofika kwa dogo akakuta karatasi moja ya katikati haipo, na ni palepale Flora, mpwa wa Ackroyd, anabanwa na Poirot kuhusu zile pauni arobaini zilizopotea chumbani kwa Ackroyd. Dogo akapiga simu kwa kila mtu kama polisi. Mama akasema yeye kaipokea haipo, mwanasheria akasema yeye kaiona, mi nikaapa. Kwa siku tatu tukawa wote watuhumiwa na kila mmoja anakumbuka alisoma wapi, kwenye daladala, kitandani, kwenye foleni ya benki. Ikapatikana kwenye rundo la madaftari ya mwalimu, katikati ya insha za kidato cha pili, na karibu aisahihishe. Kilo ya sukari ililetwa.

Halafu kuna mtu wa saba ambaye hatumjui. Mwenye kitabu wa zamani, sijui wa wapi, alisoma na penseli mkononi. Kila mhusika akiingia kaweka alama ya kuuliza pembeni, akimtoa kwenye mashaka anakata mstari. Parker, yule mhudumu wa meza, kazungushiwa duara mara mbili kwa nguvu mpaka penseli imetoboa. Baadaye kamkata. Kaenda kwa katibu Raymond, kamkata. Kwa Meja Blunt, kamkata. Ukurasa baada ya ukurasa unaona mtu anahangaika. Na kuna jina moja halina alama yoyote kitabu kizima.

HAPA NATOBOA SIRI. Kama hujasoma ishia hapa, nenda katafute kitabu, ni Kiingereza chepesi tu hakina maneno magumu, rudi baadaye. Usije kunilaumu.

Haya tuliobaki tuongee. Ni daktari. Huyohuyo anayetusimulia, aliyetushika mkono tangu ukurasa wa kwanza, ndiye alikuwa anamkamua yule mjane, na ndiye aliyemuua Ackroyd ili jina lake lisisomwe. Mi nilifika hapo saa saba usiku, umeme umekatika, natumia tochi ya simu, nikakaa kitandani nikasema hapana bwana. Nikarudi nyuma kutafuta aliponidanganya. Na ndipo balaa lilipoanzia, maana hakunidanganya!

Angalieni hii sehemu kwa karibu maana ndiyo iliyotugombanisha. Daktari anasema barua ililetwa saa tatu kasoro ishirini usiku. Anasema alipomwacha Ackroyd ilikuwa saa tatu kasoro kumi, barua bado haijasomwa. Akashika kitasa, akasita, akaangalia nyuma akijiuliza kama kuna kitu hajamalizia kufanya. Akaona hamna, akatoka akafunga mlango. Basi. Ukisoma mara ya kwanza unaona ni mtu mwema anamhurumia rafiki yake. Ukirudi unaona kuna dakika kumi hazina maelezo, na ndani ya hizo dakika kumi mtu kachomwa kisu. Anasita mlangoni kukagua kazi yake! Kila neno ni kweli. Dogo alisoma hiyo aya kwa sauti pale chini ya mwarobaini, watu wote kimya, hata karanga hazitafunwi.

Mwalimu akalipuka. Anasema huo ni utapeli, msimulizi ni kama shahidi, ukimruhusu shahidi afiche dakika kumi basi hakuna haja ya kusoma, na eti kuna sheria za hadithi za upelelezi, zilitungwa na padri mmoja Mwingereza anaitwa Ronald Knox, ya kwanza kabisa inasema muuaji asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kufuata mawazo yake. Alikuwa amejiandaa huyu, kaja na karatasi. Mwanasheria akamuuliza kwa upole ule wa kimahakama, hizo sheria ni za mwaka gani mwalimu? Mwalimu akasema 1929. Na kitabu cha mwaka gani? 1926. Mwanasheria akaegemea kiti akasema basi, sheria hairudi nyuma, huwezi kumshtaki mama wa watu kwa kosa lililotungwa miaka mitatu baada ya tendo. Tulicheka wote isipokuwa mwalimu. Akamwambia unacheza na maneno kama daktari wako, na hapo ndipo sauti zilipoanza kupanda.

Mi niko upande wa mwanasheria na nasema waziwazi. Daktari katupa kila kitu. Kasema anapenda kuchezea mashine, ana kachumba kake ka kutengeneza mavitu. Geti la Ackroyd liko mwendo wa dakika tano, yeye kalitoka saa tatu kamili, Poirot kamuuliza dakika nyingine tano zimeenda wapi, imeandikwa. Ni sisi hatukutaka kumwangalia kwa sababu ni mpole na ana dada mcheshi. Na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwamba kilichonifumba macho siyo mwandishi, ni tabia yangu mwenyewe ya kumwamini anayeongea vizuri. Sio mimi tu, chama cha waandishi wa hadithi za uhalifu Uingereza kilipiga kura mwaka 2013 wakakitaja hiki kuwa riwaya bora ya uhalifu kuliko zote. Mwalimu akasema nao walitapeliwa.

Kipande anachopenda mzee wa reli hakuna aliyekitegemea. Ni simu. Saa nne na robo usiku daktari anapigiwa nyumbani, anamwambia dada yake kwamba ni Parker kasema Ackroyd kauawa, anakimbia kule. Parker anaapa hajapiga. Polisi wanafuatilia wanakuta imepigwa stesheni ya King's Abbot, na saa nne na dakika ishirini na tatu treni ya usiku inaondoka kwenda Liverpool. Kumbe ni mgonjwa wake, baharia, kaombwa tu apige kumpa ujumbe, kapiga, kapanda treni, kashika meli kaenda Marekani. Mzee anasema alipoona hizo saa mbili zimekaa pamoja, robo na ishirini na tatu, akajua huyu muuaji ni mtu anayeiamini ratiba. Akasema enzi zake huo mpango ungefeli, treni ingechelewa na polisi wangemkuta jamaa bado kakaa kwenye benchi la stesheni anamenya mayai ya kuchemsha. Labda sasa hivi na SGR, akasema, ndio unaweza kuua mtu kwa uhakika. Tukamwambia mzee chunga maneno.

Dogo wa UDOM yeye kinachomkera ni diktafoni. Saa tatu na nusu katibu kasikia sauti ya Ackroyd chumbani, kumbe marehemu keshakufa kitambo, ni mashine ya kurekodi daktari kaitegesha ijiwashe. Dogo anasema mashine ya 1926 isingeweza kumdanganya katibu aliyefanya naye kazi. Mi nikamwambia we leo ukitumiwa voisi noti ukaiwasha sebuleni, jirani nje si ataapa kakusikia mgeni wako anaongea? Na ujanja wenyewe haupo kwenye mashine, uko kwenye maneno. Yale maneno aliyoyasikia katibu yalikuwa ya kirasmi mno, kwamba maombi ya fedha yamekuwa mengi siku za karibuni hivyo haitawezekana kukubali ombi lako. Hakuna mtu anamwambia hivyo mtu aliyekaa mbele yake. Hivyo ndivyo unavyoandika barua. Poirot alikamata hapo tu, na kile kiti kilichovutwa kutoka ukutani ili mashine isionekane mtu akiwa mlangoni. Dogo hakukubali. Sawa.

Sasa mama. Mama alikuwa kimya muda wote huo anamimina chai, wanaume mnapigizana kelele za sheria, akaja kusema yeye sehemu anayoichukia ni mwisho, na akaisema kwa namna ambayo mpaka leo inanisumbua. Poirot akishamjua daktari hampeleki polisi usiku ule. Anampa nafasi, ajimalize mwenyewe, kwa sababu ya dada yake, ili Caroline asijue. Na daktari anachagua veronal, dawa ileile iliyomuua mjane. Wote tuliona hiyo ni huruma. Mama akasema huruma kwa nani? Asubuhi Caroline anaamka anaita kaka yake aje kunywa chai, anagonga mlango. Huyu dada anajua nani kanunua nini mtaa mzima, nani kalala wapi, kila ubuyu wa kijiji anao, wa ndani ya nyumba yake hana. Na mnamuacha hivyohivyo. Halafu akakumbusha, kuna siku Caroline alisema mwenyewe mbele ya Poirot kwamba kaka yake ana udhaifu ndani yake, bila yeye kumsimamia sijui angekuwa nani. Akasema mi naona alikuwa anajua nusu, ile nusu ambayo dada mkubwa anaijua na anaifunika. Kwa hiyo mimi, alisema mama, nikikutana na huyo Poirot nitamrushia mung'unye wake.

Baada ya hapo mwalimu akarudia tena ya Knox, mwanasheria akasema sheria hairudi nyuma, na ndivyo tulivyoachana.

Nyota nne na nusu. Nusu nimekata kwa yale mahojiano ya katikati na pia kwa Ralph Paton, ambaye kitabu kizima kinamtafuta na akipatikana hana la kusema. Kopi yetu ukiitaka ipo, ila ujue kurasa za katikati ni za kupanga kwa mkono, na usisome kwenye bajaji upepo ukivuma, mnaujua upepo wa huku. Ile alama ya mwisho ya penseli iko pale ambapo daktari anabaki peke yake na Poirot. Hamna alama ya kuuliza wala duara, kaandika tu "Aaah" kwa herufi ndogo.

Kwa sasa kiko Nkuhungu kwa shemeji yangu, yuko siku ya nne. Jana usiku kanitumia meseji, shem mi nishamjua, ni Parker, na huyu mwenye penseli naona tunaelewana. Sijamjibu.